Mji Unavyopandisha Presha

Mtu akigundulika ana presha, swali la kwanza nyumbani huwa: una mawazo gani? Mawazo yana mchango wake, lakini tukiishia hapo tunamwachia mgonjwa lawama na kusahau mazingira anayoishi.

Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Miezi michache tu baada ya kuhama, presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya wenzao. Mkojo wao ulionyesha walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi, huku potasiamu, ambayo tunaipata kwenye matunda na mboga, ikipungua. Watu walikuwa wa kabila moja na asili moja. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Mtazame dada anayeuza duka Kariakoo na kuishi Mbagala. Anaondoka alfajiri kuwahi daladala, anakunywa chai na chapati dukani, kisha anakaa kwenye stuli hadi jioni. Mchana anaagiza chipsi mayai. Muuzaji ananyunyiza chumvi chipsi zikitoka kwenye mafuta, naye anaongeza ya mezani, halafu tomato na pilipili ya chupa, ambazo nazo zina chumvi. Anateremshia kwa soda: chupa ya mililita 350 hubeba sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Akifika nyumbani usiku, genge la mchicha limeshafungwa. Huyu si mvivu wala mlafi. Muda wake umeliwa na foleni, na chakula cha haraka ndicho kilicho karibu naye.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Mwambie muuzaji asitie chumvi kabla hajakufungia. Mama ntilie, ondoa kikopo cha chumvi mezani, atakayeihitaji ataomba. Wenye maduka, waacheni wafanyakazi wasimame na kutembea. Halmashauri nazo zina deni: njia ya miguu iliyojaa magari humlazimisha mtu kupanda bodaboda hata kwa safari ya dakika kumi.

Presha ya juu mara nyingi haina dalili, ila inaharibu figo na moyo na kuleta kiharusi. Ndiyo maana dawa haiachwi kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri. Daktari ndiye anayeamua.

Nenda kituo cha afya ukapime hata kama huumwi. Nusu saa kabla ya kupima usivute sigara wala kunywa kahawa. Kojoa kwanza, kaa umetulia dakika 5, mgongo ukiegemea kiti. Andika namba zote mbili. Zikifika 140 kwa 90, au hata moja kati ya hizo, rudi kupima siku nyingine.