Ufundi wa Kibuyu cha Maziwa katika Nchi ya Wakipsigis

Huko Kericho na Bomet, nyuma ya mashamba ya chai, hupatikana chombo ambacho mgeni hukidhani kuwa ni pambo tu. Ni kibuyu cha mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa, nacho kwa lugha ya Wakipsigis huitwa sotet. Ushanga na kauri za nje hupendeza macho, lakini ufundi wenyewe umo ndani, mahali pasipoonekana.

Mumunye huachwa juu ya mmea wake mpaka kikonyo kikauke. Likichumwa mapema, ganda hunyauka na kazi yote huwa bure. Kisha shingo hukatwa, maji hutiwa, na nyama ya ndani huachwa ioze kwa siku kadhaa ndipo ikwanguliwe pamoja na mbegu. Kibuyu huoshwa tena na tena, kwa kuwa uchungu ukisalia maziwa hayanyweki.

Baadaye huja mkaa. Mti unaopendwa ni senetwet, kichaka chenye maua ya manjano. Kijiti chake kikavu huchomwa, kaa likatiwa kibuyuni lingali jekundu, likasagwa kwa sosiot, yaani ufito wa mkindu uliopondwa ncha ukawa kama brashi. (Kericho uko mji mdogo wenye jina hilo hilo.) Hapa ndipo mama mwenye ujuzi hutambulikana: unga wake ni laini, nao hushika kuta zote, unga wa anayejifunza hubaki chengachenga, na mnywaji huzitafuna. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa hutiwa, na baada ya siku kadhaa hutoka yana rangi ya kijivu na harufu ya moshi.

Wachoraji wa Japani wa picha za kuviringishwa nao hutegemea masizi. Wino wao ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya ngozi za wanyama, husuguliwa juu ya jiwe kwa maji machache. Picha ikiisha hubandikwa juu ya karatasi kwa gundi ya ngano. Na mafundi hupenda gundi dhaifu, iliyowekwa miaka kama 10, ili baada ya vizazi mtu mwingine aweze kuibandua na kuitengeneza bila kuirarua.

Wakipsigis vilevile hawakitupi kibuyu kilichopasuka. Hutobolewa matundu kandokando ya ufa, kikashonwa kwa uzi mgumu, na pengine mshono hufunikwa kwa ushanga. Basi msomaji akiona mstari wa shanga usiolingana na wa upande wa pili, huenda chini yake upo ufa wa zamani.