Kayaki ya Kwanza ya Mtoto: Somo Kuhusu Utengemavu wa Vyombo vya Majini

Mzazi anapotaka kumpatia mtoto chombo cha majini, swali la kwanza analouliza ni kama chombo hicho kitaweza kumbeba. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi, kwani karibu kila chombo kizima kitambeba mtoto. Linalopasa kuulizwa ni kama chombo kitarudi wima mtoto atakapoegemea upande mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Kwa hiyo, fizikia ya jambo hili si ya kufanyia mtihani tu.

Katika somo hili tutatumia kayaki kama mfano, lakini kanuni zake ni zilezile za mtumbwi wa Ziwa Victoria na ngalawa ya Pwani.

Chombo kilichopimwa kwa mwili

Kayaki ni chombo chembamba chenye ncha mbili, kinachoendeshwa kwa kafi lenye bapa kila upande. Asili yake ni kwa wawindaji wa nchi za Aktiki. Wainuit wa Greenland waliunda kiunzi kwa mbao zilizoletwa ufukoni na bahari, kisha wakakivika ngozi za sili. Vipimo vilitokana na mwili wa mwenye chombo: kwa desturi, urefu ulikuwa kama pima tatu za mikono yake, na upana ulikuwa sawa na nyonga zake pamoja na ngumi mbili. Mafundi wa Pwani yetu, waliozoea pima, dhiraa na shibiri, wangewaelewa bila mkalimani.

Siku hizi kayaki nyingi za watoto hutengenezwa kiwandani kwa plastiki, na baadhi yake zina urefu wa mita 1.8 na uzito wa kilo 8 hivi. Hata hivyo, hekima ya kupima kwa mwili haijapitwa na wakati. Kuna wazazi wanunuao kayaki ya mtu mzima ili mtoto aje akue nayo, kama wanunuavyo sare ya shule. Sare kubwa hukunjwa mikono ikavaliwa. Kayaki kubwa haikunjwi. Mtoto hawezi kuyafikia maji vizuri, nyonga zake huteleza huku na huku, na chombo, kwa kuwa kimebeba uzito mdogo, huelea juu na kusukumwa ovyo na upepo.

Kwa nini chombo hupinduka

Kanuni ya Archimedes inatufundisha kwamba chombo kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake pamoja na shehena yake. Uzito huo huvuta chini kupitia kitovu cha uzito. Maji nayo huinua chombo kupitia katikati ya sehemu iliyozama. Chombo kikiwa wima, nguvu hizo mbili zimo katika mstari mmoja.

Chombo kikiinama kidogo, sehemu iliyozama hubadilika umbo, na katikati yake husogea upande ulioinama. Sasa mstari wa nguvu ya maji hukata mstari wa katikati wa chombo mahali paitwapo metasenta. Ikiwa metasenta ipo juu ya kitovu cha uzito, nguvu ya maji hukirudisha chombo wima. Ikiwa ipo chini yake, nguvu hiyohiyo humalizia kazi ya kukipindua.

Kwa chombo chenye umbo la sanduku, kimo cha metasenta kutoka chini ya chombo ni:

K = T/2 + B²/12T

ambapo T ni kina kilichozama na B ni upana.

Mfano

Mtoto ana kilo 30 na chombo kina kilo 12; jumla ni kilo 42. Katika maji baridi vitasukuma lita 42. Tulinganishe masanduku mawili yenye urefu wa sentimita 200.

Sanduku la kwanza lina upana wa sentimita 60. Litazama sentimita 3.5, na K itakuwa sentimita 87.5 hivi.

Sanduku la pili lina upana wa sentimita 40. Litazama sentimita 5.25, na K itakuwa sentimita 28 tu.

Tuchukulie kwamba mtoto akiketi chini, kitovu cha uzito cha wote wawili kiko kwenye kimo cha sentimita 20, na akisimama kinapanda hadi 55. Akiwa ameketi, masanduku yote mawili yatarudi wima, ingawa lile jembamba lina akiba ya sentimita 8 tu. Akisimama, lile pana bado lina akiba ya sentimita 32 na zaidi. Lile jembamba litapinduka papo hapo. Upana umepungua kwa theluthi moja, lakini usalama wote umetoweka.

Ndiyo maana wachonga ngalawa, waliolazimika kufuata wembamba wa gogo, waliifunga mirengu pande zote mbili: waliongeza upana bila kuongeza mwili wa chombo.

Kumbuka kwamba kayaki halisi si sanduku. Ncha zake ni nyembamba, hivyo metasenta yake huwa chini zaidi. Tena hesabu hii ni ya mwinamo mdogo tu.

Jaribio la darasani

Kunja visanduku viwili vya karatasi ngumu vyenye urefu wa sentimita 20 na kuta za sentimita 3, kimoja kikiwa na upana wa sentimita 6 na kingine 4. Vipake nta ya mshumaa. Weka ndani ya kila kimoja donge la udongo wa mfinyanzi ili jumla iwe gramu 42. Vieleze katika beseni na uviinamishe kidogo kwa kidole. Kisha chomeka donge lilelile juu ya kijiti kifupi kilichosimamishwa katikati ya kisanduku, urudie. Pima kimo ambacho kisanduku chembamba kinashindwa kurudi.

Namna ya kuchagua

1. Upana uwe wa kutosha kwa utulivu, lakini mtoto aweze kuchota maji kwa kafi pande zote mbili bila kugonga ubavu wa chombo.

2. Kikalio kiwe chini. Katika mfano wetu, mto wa kukalia wenye unene wa sentimita 5 hupandisha kitovu cha uzito kwa sentimita 3.6 hivi, karibu nusu ya akiba ya chombo chembamba.

3. Kwa anayeanza, kayaki ya kukalia juu inafaa. Kikalio chake huwa juu zaidi, hivyo huhitaji upana zaidi. Lakini ikipinduka, mtoto huanguka huru na kuweza kuipanda tena. Ile ya kukalia ndani hujaa maji, na lita 100 za maji ni kilo 100. Iwe na vyumba vya hewa vilivyozibwa mbele na nyuma.

4. Mtoto aweze kuiburuta mwenyewe ufukoni, na kafi liwe jepesi na fupi kwa kadiri yake.

Hakuna upana unaochukua nafasi ya jaketi la kuokolea maisha lililofungwa barabara, wala ya mtu mzima aliye karibu. Upepo unapovuma kutoka nchi kavu, mtoto asiingie majini, kwani utampeleka mbali kuliko nguvu zake za kurudi.

Maswali

1. Kokotoa K kwa sanduku lenye upana wa sentimita 50, ukitumia mzigo uleule.

2. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Je, sanduku la kwanza litazama kiasi gani baharini?

3. Eleza kwa nini abiria wa mtumbwi huamriwa kuketi ziwa linapochafuka.