Jongoo Aliyejenga Msitu: Somo Kutoka Haller Park

Wengi wanaoingia Haller Park, kule Bamburi kaskazini mwa Mombasa, hukimbilia twiga na viboko. Mimi na wenzangu wa ualimu tulikwenda na swali moja: utamweleza vipi mtoto wa darasa la sita kwamba msitu huu wote, na mabwawa yake, ulikuwa shimo?

Na lilikuwa shimo kweli. Kiwanda cha saruji kilianza kazi Bamburi mwaka 1954, kikachimba mawe ya chokaa hadi karibu na maji ya chini. Kilichobaki ni mwamba mtupu, jua kali na maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kupanda. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizostahimili.

Aliyeshinda ni mvinje, huu huu wa nguzo za kujengea. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni hewani, kwa hiyo haungoji udongo mzuri. Lakini shida ikazuka: majani yake, membamba kama sindano, yakaanguka na kurundikana bila kuoza. Pasipo kuoza hapana mboji, na pasipo mboji mmea mwingine utaota wapi?

Hapo ndipo akaletwa jongoo mwenye miguu myekundu. Alikula majani, akayasaga, na kinyesi chake kikawa mwanzo wa udongo. Bandu bandu huisha gogo! Mimea mingine ikafuata, samaki wakafugwa mabwawani, ndege na wanyama wakapata makao. Mwaka 1984 wageni wakafunguliwa mlango.

Somo ni mpangilio. Darasani, chora mwamba, mvinje, jongoo, mboji, kisha wanyama. Halafu mfute jongoo ubaoni na uulize: nini kitafuata? Waache wabishane.

Mbona jambo hili lituhusu? Kwa sababu mashimo ya mawe yaliyoachwa wazi tunayo mengi. Mvua ikinyesha yanajaa maji, na watoto wanaogelea humo, wengine hawarudi nyumbani. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni arejeshe ardhi aliyochimba. Haller Park inaonyesha kwamba inawezekana, hata juu ya mwamba. Kwa hiyo ukipangiwa mazoezi ya kufundisha karibu na shimo kama hilo, lifanye somo. Mtoto akishajua shimo laweza kuwa msitu, ataanza kuuliza kwa nini la kwao bado ni shimo.