Mpangaji na Bima

Mwaka wa 1666 moto ulizuka London, Uingereza, katika nyumba ya mwoka mikate, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200. Baadaye watu wakaanzisha bima ya moto: wengi hutoa fedha kidogo kidogo, naye apatwaye na msiba hulipwa kwa fedha hizo. Bima za kwanza zilikuwa za majengo tu. Mwenye nyumba alilipwa, bali mpangaji aliyeunguliwa kitanda, nguo na vyombo hakupata kitu.

Hata leo bima ya mwenye nyumba ni ya kuta na paa. Haigusi mali ya mpangaji. Basi mpangaji na ajiulize: je, vyote vikiungua usiku mmoja, ataweza kununua vingine? Kama hawezi, heri akate bima yake mwenyewe. Tahadhari kabla ya hatari.