Kuijibu Kompyuta Kabla Haijauliza

Leo nawaletea somo la kompyuta. Ngeli tumezisoma vya kutosha muhula huu.

Kama mjuavyo, shule yetu ni ya kutwa. Jioni lango linafungwa, na mwalimu wa maabara naye anakimbilia matatu. Sasa, kuweka programu kwa mkono kwenye mashine 24, moja baada ya nyingine, ni kazi ya siku kadhaa, nao wenzetu wa kidato cha nne wanazingoja kwa mradi wao wa mtihani. Njia iliyopo ni kuandika amri zote katika faili moja, kuzianzisha, kisha kwenda nyumbani. Lakini programu zina tabia ya kuuliza. "Niendelee? Ndiyo au la?" Basi mashine itangoja jibu hadi asubuhi, stima ikiliwa bure.

Tuchukue mfumo wa Debian uwe mfano wetu. Amri ya apt-get ukiiongezea alama -y, inajichukulia kwamba umesema ndiyo. Hata hivyo si mjinga: ikiona kwamba ndiyo hiyo itang'oa kitu ambacho mfumo hauwezi kuishi bila hicho, inagoma. Kuna watu hutumia amri nyingine iitwayo yes, ambayo kazi yake ni kurudia herufi y bila kuchoka kama kasuku. Mimi siipendi. Kasuku hajui ameulizwa nini.

Maswali mengine huletwa na chombo kiitwacho debconf. Ukiandika DEBIAN_FRONTEND=noninteractive kinanyamaza kimya. Wengi hudhani kazi imeisha hapo, kumbe kunyamaza maana yake ni kwamba yamechukuliwa majibu aliyoyaacha mtengenezaji. Chukua kifurushi cha tzdata, kinachohusika na majira ya nchi mbalimbali. Kikiwekwa mahali ambapo majira hayajapangwa, tena kimenyamazishwa, kinachagua UTC, nasi Kenya tuko mbele kwa saa 3. Kazi uliyoihifadhi saa nne asubuhi itaandikwa kuwa ya saa moja. Umwambie nini mwalimu anayekagua nani alikopi kwa nani?

Ndiyo sababu ipo amri ya debconf-set-selections. Unaipa majibu kabla kifurushi hakijawekwa, hivi:

tzdata tzdata/Areas select Africa
tzdata tzdata/Zones/Africa select Nairobi

Linabaki swali moja sugu. Ukisasisha programu ambayo faili yake ya mipangilio uliibadilisha mwenyewe, dpkg inauliza: niweke mpya au nibakize yako? Hili halitoki kwa debconf, kwa hivyo noninteractive hailigusi kamwe. Hapo unatumia --force-confdef na --force-confold, nayo faili yako inabaki.

Je, programu isiyo na mlango wowote wa aina hiyo? Mwaka 1990 Don Libes, wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, alitoa Expect. Hiyo hukodolea skrini macho, ikaona maneno uliyoyataja, ikaandika jibu kana kwamba ni mtu. Ni ya ajabu, lakini usipoibadilisha hungoja sekunde 10 tu. Maneno yasipotokea inasonga mbele, na jibu la swali hili linaweza kuangukia lile. Kwangu mimi ni chaguo la mwisho.

Nimeliacha nyuma swali linaloogopesha kuliko yote. Unapoweka Debian nzima upya, kisakinishi huuliza kama kiandike mabadiliko kwenye diski. Jibu lake la msingi ni la, kwa makusudi. Katika faili ya majibu, iitwayo preseed, mstari huu unaligeuza kuwa ndiyo:

d-i partman/confirm boolean true

Pamoja na mistari mingine ya kugawanya diski, huo unaweza kufuta kila kitu mle ndani, miradi ya kidato cha nne ikiwemo, na hakuna atakayeulizwa mara ya pili. Nakilini kazi zenu kwingine kwanza, kisha jaribuni faili hiyo kwenye mashine moja isiyo na kitu, mtu akiwa ameketi mbele yake. Neno la siri nalo msiliandike wazi humo, kwa maana preseed inakubali lililofumbwa.