Marudio: Dhana ya Uchumi Mzunguko katika Msamiati wa Wachimba Dhahabu

Utangulizi

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii inatufaa tunapoijadili dhana ya uchumi mzunguko inayotajwa sana siku hizi. Uchumi huu unapinga mazoea ya kuchimba, kutumia na kutupa. Unahimiza kwamba mali iliyokwisha kutolewa ardhini irejeshwe kazini kabla ya kuchimbwa nyingine. Wengi wetu hudhani kwamba dhana hii ni ngeni kwa Kiswahili na yahitaji kuundiwa istilahi upya. Makala hii inashikilia kwamba wachimba dhahabu wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania tayari wanazo istilahi zake, na kwamba zinahitaji kuchunguzwa kwa makini.

Istilahi tatu

Ya kwanza ni magwangala. Haya ni mawe ambayo mgodi mkubwa huyaweka kando kwa kuwa dhahabu iliyomo ni chache mno kuweza kuugharimia mtambo wake. Huko Geita, wachimbaji wadogo wameyadai mawe hayo kwa miaka mingi. Kinachoitwa taka na mmoja ni riziki kwa mwingine.

Ya pili ni marudio. Mwamba ukishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa mwaloni na dhahabu hunaswa kwa zebaki. Njia hii huacha sehemu kubwa ya dhahabu mchangani. Mchanga huo ndio marudio, nao huchenjuliwa tena kwa sayanaidi. Kimofolojia, nomino hii imetokana na kitenzi rudia. Mwanafasihi huitumia kwa maana ya takriri, na mpenzi wa kandanda kwa mechi ya pili. Mchimbaji ameipa maana ya kitu ambacho kazi yake haijakwisha.

Ya tatu ni makinikia, yaani mchanga uliokwisha kupunguziwa mawe yasiyofaa ukabaki na dhahabu, shaba na fedha nyingi zaidi. Neno hili lilivuma mwaka 2017, Tanzania ilipopiga marufuku usafirishaji wake nje na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Awali wengi waliuita mchanga tu. Ni dhahiri kwamba anayekiita kitu mchanga na anayekiita makinikia hawatakadiria bei moja.

Upande wa pili wa mzunguko

Hata hivyo, si kila kirudicho ni heri. Marudio hubeba zebaki iliyosalia. Yanapotiwa sayanaidi kabla ya zebaki hiyo kuondolewa, huzaliwa michanganyiko inayoyeyuka na kusafiri majini kwa wepesi. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unaitaja desturi hii miongoni mwa zile zinazopaswa kukomeshwa. Isitoshe, mara nyingi marudio hubaki kuwa mali ya mwenye mwalo, si ya aliyeshuka shimoni. Neno lenyewe linaficha mambo haya mawili: sumu iliyomo na jasho la mtu lililobaki mchangani. Mzunguko unaorejesha dhahabu pamoja na sumu haujakamilika.

Hitimisho

Mwanaisimu anayekusanya istilahi za machimbo asiishie kwenye maana ya kamusi. Aeleze pia kitu hicho kina nini ndani yake, ni cha nani, na kinapelekwa wapi. Walimu wa uchumi na mazingira nao wanapofundisha uchumi mzunguko, waanze na marudio kabla ya kutafsiri vitabu vya kigeni, maana mchimbaji ataelewa upesi zaidi onyo linalotolewa kwa neno lake mwenyewe. Neno taka tuliwekee kile tu ambacho tumekichunguza tukaona hakika hakirudishiki.