Kuuchochea Ubongo kwa Sumaku Bila Kufungua Fuvu

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika huzalisha mkondo wa umeme katika waya ulio karibu nayo. Ilipita zaidi ya karne moja na nusu kabla ya kanuni hiyo kutumika vyema juu ya kichwa cha binadamu. Mwaka 1985, huko Sheffield nchini Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu aliye macho, wakapitisha humo mkondo mkubwa kwa muda mfupi mno, na misuli ya mkono wake ikashtuka. Miaka mitano kabla ya hapo, Merton na Morton walikuwa wamepata matokeo kama hayo kwa kupitisha umeme wenyewe kwenye ngozi ya kichwa, lakini njia yao iliuma. Fuvu huuzuia umeme. Sumaku hulipita kana kwamba halipo.

Nguvu ya sumaku hiyo hukaribia ile ya mashine ya MRI, ila hudumu kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kadiri inavyosonga mbali na koili ndivyo inavyodhoofika, hata kina inachofikia kwa kawaida huwa sentimita mbili au tatu tu. Kwa hiyo kinachochochewa ni gamba la nje la ubongo. Hofu ya baadhi ya wagonjwa kwamba mashine itasoma mawazo yao au kufuta kumbukumbu zao haina msingi.

Katika utafiti, faida kubwa ya njia hii ni kwamba humwezesha mchunguzi kuvuruga sehemu ndogo ya ubongo kwa kitambo kifupi, kisha kutazama ni kazi gani iliyoharibika. Mfano mzuri ulichapishwa mwaka 1997. Watu waliokuwa vipofu tangu utotoni walisoma maandishi ya Braille kwa vidole huku koili ikielekezwa kisogoni, penye eneo ambalo kwa wenye kuona hushughulikia macho. Walianza kukosea herufi. Eneo lililokosa nuru halikulala. Lilikuwa limejifunza kazi ya vidole.

Katika tiba, ugonjwa uliochunguzwa zaidi ni sonona isiyosikia dawa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya tiba hiyo mwaka 2008. Mgonjwa huketi kitini, hapewi nusukaputi wala hatiwi degedege, na hilo ndilo linaloitenga tiba hii na ile ya mshtuko wa umeme ambayo wengi huichanganya nayo. Kwanza mtoa tiba hutafuta kiwango kidogo kabisa kinachotosha kukitikisa kidole gumba cha mkono, kwa kuwa mafuvu na bongo za watu hazilingani. Kiwango hicho huwa msingi wa dozi. Kisha koili husogezwa mbele, upande wa kushoto wa paji. Tiba hurudiwa siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita. Utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2018, wenye washiriki 414, ulionyesha kwamba utaratibu wa dakika tatu hausaidii kwa uchache kuliko ule wa dakika 37. Kwa mgonjwa anayepanda daladala mbili kufika kliniki hilo si jambo dogo, ingawa safari za kila siku zinabaki palepale.

Si kila mgonjwa hupata nafuu, na baadhi ya waliowekewa koili ya kuigiza, isiyochochea kitu, nao huona unafuu. Anayeahidi uponyaji wa hakika apuuzwe.

Madhara ya kawaida ni kuumwa kichwa na ngozi ya kichwa. Degedege hutokea kwa nadra sana, lakini ndilo la kuogopwa. Hapa mhudumu wa afya ana kazi ngumu, maana kifafa bado ni siri katika familia nyingi. Swali liulizwe faraghani na kwa upole: amewahi kuanguka, amewahi kuumia kichwa, ameacha pombe ghafla, analala usiku, anatumia dawa gani? Aulizwe pia kuhusu chuma ndani ya kichwa, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni na betri ya moyo. Mgonjwa naye asiache dawa zake bila kushauriana na daktari.

Njia nyingine, ya mkondo hafifu wa miliampea moja au mbili kupitia sponji zilizoloweshwa, hailazimishi seli za neva kufyatuka. Huzisogeza tu karibu au mbali na kufyatuka. Vifaa vyake ni rahisi, na hapo ndipo hatari ilipo: wapo wanaojiundia kwa betri nyumbani, wakaunguza ngozi.

Ikumbukwe kwamba tiba ya sumaku huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Mgonjwa aliyekataa kula, au anayepanga kujiua, hawezi kungoja muda huo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na kwake tiba ya mshtuko wa umeme chini ya nusukaputi bado huleta nafuu ya haraka zaidi.